Kusakinisha Debian bila kuulizwa: tulia kwenye diski

Wewe unayeanza kuandika preseed (faili la majibu ambalo kisakinishi cha Debian, mfumo endeshi wa Linux, hulisoma badala ya kukuuliza), usianze na ukurasa mtupu, wala usibebe faili la mtu mwingine ukabadilisha jina la mashine tu. Sakinisha mashine moja kwa mkono, jibu maswali yote, kisha endesha `debconf-get-selections --installer`, amri iliyomo kwenye pakiti ya `debconf-utils`. Utaona kila swali na jibu ulilolitoa. Chukua yanayokuhusu, mengine yaache. (Wenzetu wa Fedora, Linux nyingine, wamerahisishiwa: kisakinishi chao huwaachia `/root/anaconda-ks.cfg` bila hata kuombwa.)

Kwenye diski ndipo pa kutulia. Faili langu la kwanza lilitaja `/dev/sda`, jina ambalo Linux mara nyingi huipa diski ya kwanza. Nikachomeka flashi yenye kisakinishi, nikawasha mashine, nikaenda zangu. Kurudi, nakuta skrini nyekundu. Diski ya mashine ile ilikuwa NVMe, aina inayopewa jina tofauti, yaani `/dev/nvme0n1`. Sda ilikuwa flashi yenyewe! Kisakinishi kilikuwa kinataka kufuta kitu kilekile kinachokisoma. Nilicheka, lakini fikiria ingekuwa seva yenye diski ya pili iliyojaa data. Ukishaandika `d-i partman/confirm boolean true`, lile swali la "una hakika?" umeshalijibu, tena kabla hujaiona mashine. Siku hizi natumia `partman/early_command` (amri inayotangulia kabla diski hazijagawanywa) kuendesha skripti fupi inayokagua diski zilizopo, inaziruka za USB, halafu ndipo inachagua. Na jaribio la kwanza huwa ni ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) yenye diski mbili, si moja, ili nione itashika ipi.

Kuna kosa dogo lililonila jioni nzima. Kati ya aina ya jibu na jibu lenyewe (kama `boolean` na `true` hapo juu) weka nafasi moja tu. Ukiongeza ya pili ili mistari ipendeze, ile ya ziada inahesabiwa kuwa sehemu ya jibu.

Ukilileta faili kwa mtandao, utashangaa bado unaulizwa lugha na kibodi. Maswali hayo hutangulia kabla faili halijafika. Ongeza `auto=true priority=critical` kwenye mstari wa kuwashia kisakinishi, yatasubiri. Ikikwama, bonyeza Alt+F4 usome logi badala ya kubahatisha.

Nywila usiiandike wazi, maana faili hilo anaweza kulisoma yeyote aliye kwenye mtandao huo. Weka heshi, yaani nywila iliyogeuzwa kuwa herufi zisizosomeka; `mkpasswd -m sha-512` itakutengenezea.

La mwisho ni PXE, yaani kuiwasha mashine kwa mtandao badala ya diski. Mashine ikipangwa kuwaka kwa mtandao kwanza, itamaliza kusakinisha, itajizima na kujiwasha, itaukuta mtandao tena, itajifuta na kuanza upya. Niliwahi kuiacha moja usiku kucha ikizunguka hivyo. Tanguliza diski kwenye mpangilio wa kuwaka: ikiwa tupu, mashine itahamia mtandaoni yenyewe.