Insha ya maombi ya chuo kikuu: maneno 930 yatawezaje kuwa 650?

Swali: Nimemaliza kidato cha sita mkoani Mwanza na ninaomba vyuo vikuu vya Marekani kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumwa kwa vyuo vingi, ili nisome uchumi. Insha yangu ya Kiingereza ina maneno 930, lakini mfumo haupokei zaidi ya 650. Nimeeleza maisha magumu ya nyumbani, nafasi zangu za uongozi shuleni na nia yangu ya kuisaidia jamii. Mwalimu wangu amenishauri nianze kwa methali na nitumie msamiati mzito. Nipunguze wapi? Je, insha hiyo hiyo inafaa kupelekwa Uingereza?

Jibu: Rasimu uliyoniambatishia nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye mistari ile minne ya katikati inayohusu daftari la madeni la mama yako. Umeandika kwamba wateja wake wa dagaa walikuwa wameorodheshwa kwa majina, nawe ukalipanga daftari upya kwa kufuata siku ambayo kila mmoja hupata fedha, kwa sababu ulikuwa umegundua kwamba anayekopa sado moja na kulipa mia tano kila jioni humaliza deni, ilhali anayeahidi kulipa lote mwisho wa mwezi ndiye anayefuatwa hadi nyumbani. Hapo ndipo nilipokuona wewe, binti anayetazama jambo, akalitilia shaka, kisha akalibadilisha. Insha yako ni hiyo, na kwa sasa umeipa mistari minne tu.

Kwa hiyo usianze kwa kupunguza neno hapa na neno pale. Ondoa aya nzima ya uongozi, kwa kuwa Common App ina orodha ya shughuli yenye nafasi 10, kila moja ikiwa na maelezo yasiyozidi herufi 150, na ukaka mkuu au udada mkuu mahali pake ni huko. Ondoa pia aya ya mwisho, ambayo inarudia ya kwanza. Maneno utakayookoa yarudishe kwenye daftari: mama alisema nini ulipoligusa, ulikosea wapi mwanzoni, na ni mteja gani aliyeuvunja mpangilio wako. Anayesoma maombi tayari anayo matokeo yako na barua za walimu. Asichokuwa nacho ni namna unavyofikiri.

Kuhusu ugumu wa maisha, ninakuomba usiufiche, lakini pia usiubebeshe insha nzima. Fomu ina sehemu ya pekee ya kueleza changamoto na mazingira ya mwombaji, na kipato cha familia huelezwa kwenye fomu za msaada wa fedha. Ndani ya insha, msomaji atauelewa bila kuambiwa, maana mtoto anayesimamia madeni ya mia tano mia tano hahitaji kuandika kwamba kwao hakuna fedha.

Kwa heshima zote kwa mwalimu wako, methali uiache. Sentensi unayoanzia sasa, “Tangu utotoni nimekuwa na ari kubwa ya kuleta mabadiliko,” inaweza kuandikwa na mwombaji yeyote. Kwenye ukurasa wa pili, hata hivyo, umeandika, “Mama huandika deni kwa kalamu nyekundu na kulikata kwa ya bluu.” Anza na hiyo. Mwalimu akusahihishie sarufi, ila asikubadilishie maneno, kwa sababu maneno mazito ya kuazima huonekana mara moja yakikaa karibu na yako.

Uingereza usiipeleke insha hii. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu vya huko, imeacha insha moja ndefu na sasa inauliza maswali matatu: kwa nini unataka kozi hiyo, masomo yako yamekuandaaje, na umefanya nini nje ya masomo kujiandaa. Majibu yote kwa pamoja hayazidi herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue 350. Wahadhiri wa huko hutafuta zaidi mapenzi yako kwa somo lenyewe, basi uzito uwe kwenye uchumi uliousoma na maswali uliyobaki nayo. Daftari la mama lipe sentensi tatu katika jibu la tatu, ukilihusisha moja kwa moja na mikopo na uaminifu wa wakopaji.