Maswali ya Wasomaji: Harufu ya Petroli Kisimani

SWALI: Kisima chetu cha mita 9 kiko hatua 70 hivi kutoka kituo cha mafuta. Tangu mvua ianze, maji yananuka petroli na juu yana utando wa rangi rangi. Jirani ametushauri tuyachemshe na kutia klorini. Inatosha? – Mpangaji, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Haitoshi, na huko kuchemsha ndiko kubaya zaidi. Klorini huua vijidudu, petroli haiigusi. Moto nao huitoa benzeni, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli, sufuriani na kuijaza jikoni, nanyi mkaivuta. Benzeni husababisha saratani ya damu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita ya maji. Petroli ikiwa na benzeni asilimia 1, lita moja tu hubeba gramu 7 hivi, zinazotosha kuharibu lita 700,000.

Pua msiitegemee. Benzeni peke yake haisikiki majini mpaka ifike takriban miligramu 10 kwa lita, yaani mara elfu ya kiwango hicho. Mnachonusa ni viungo vingine vya petroli. Kwa hiyo harufu ikipotea kiangazi, msirudie kunywa: maji ya ardhini yameshuka na mafuta yamenata kwenye udongo, yakingoja mvua iyapandishe tena.

Utando uchokozeni kwa kijiti. Ukikatika vipande na kubaki hivyo, ni wa bakteria wa chuma, hauna uhusiano na kituo. Ukijiunga tena, ni mafuta.

Acheni kunywa, kupikia na kuoga maji hayo, na pampu izimwe, maana kuvuta sana huyasogeza mafuta upande wenu. Toeni taarifa NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sampuli iingie kwenye chupa za kioo za mililita 40, zijae mpaka kusiwe na kiputo; benzeni hukimbilia kwenye hewa. Zikae kwenye barafu, gizani, zifike maabara ndani ya siku 7. Ombeni kipimo cha benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni. Kupeleka maji kwa chupa ya soda ni kutupa pesa.

SWALI: Kila mwezi kijiti cha kupimia mafuta kinaonyesha upungufu kidogo tangini. Ni joto au linavuja? – Meneja wa kituo, Nakuru

JIBU: Joto hubadilisha ujazo, lakini huenda juu na chini. Upungufu wa upande mmoja, mwezi baada ya mwezi, ni dalili mbaya. Kanuni za Marekani huruhusu tofauti ya asilimia 1 ya mafuta yaliyopita tangini, pamoja na galoni 130 (lita 490 hivi), kwa mwezi. Sisi tunaiona pana mno: tone moja kila sekunde ni lita 4 hivi kwa siku, kama 130 kwa mwezi, na hesabu hiyo hailioni.

Pimeni kila asubuhi kabla ya kuuza, na kabla na baada ya lori kushusha. Kwanza hakikisheni mita za pampu, kwani pampu inayotoa zaidi ya inavyosoma huleta upungufu uleule. Pakeni pia ncha ya kijiti dawa inayogeuka rangi ikigusa maji. Maji yakiongezeka baada ya mvua, angalieni mfuniko wa kujazia. Ukiwa mzima, itisheni fundi apime tangi na mabomba kwa shinikizo. Mara nyingi kinachovuja ni kiungo cha bomba, tangi lenyewe halina kosa.