Buni kwa Ajili ya Septemba: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Bustani Endelevu Tabora

Yeyote anayeanza kazi ya kubuni bustani mkoani Tabora anapaswa kuielewa kalenda ya mvua kabla hajashika penseli. Mji huu umekaa kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hupata mvua ya milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka, kiasi ambacho si haba hata kidogo. Shida ni kwamba karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kisha mvua hukatika hadi mwezi wa kumi. Mteja hukuita Februari, wakati ambapo hata fimbo iliyochomekwa ardhini inaonekana kama itachipua, lakini bustani utakayomwachia itahukumiwa Septemba, vumbi likiwa limetanda na visima vimeshuka. Ushauri wangu wote kwenu umejengwa juu ya Septemba hiyo.

Wengi wetu tuliingia katika kazi hii kwa mlango wa ukoka, yaani kusawazisha kiwanja, kupanda ukoka, kupanga miashoki kando ya ukuta na kuweka pevingi mpaka langoni. Wengine walipitia masomo, kwa mfano usanifu wa mandhari katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, au kilimo cha bustani na misitu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Njia zote mbili ni halali, na kila moja ina pengo lake: aliyesoma huja na mchoro mzuri lakini hajui mche unauzwaje wala unakufaje, na aliyetoka kwenye kitalu anajua miche lakini hawezi kumwonyesha mteja kwenye karatasi kitu ambacho bado hakijawepo. Kama umetoka upande mmoja, tafuta rafiki wa upande wa pili mapema, maana kujifunza nusu iliyobaki peke yako huchukua muda mrefu kuliko mnavyodhani.

Kuhusu ukoka, nitasema kwa tarakimu kwa sababu mteja husikia tarakimu kuliko hotuba. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka unaotakiwa kubaki kijani katika jua la kiangazi hutumia takriban milimita tano kwa siku, yaani lita tano kwa kila mita ya mraba. Kiwanja cha ukoka chenye mita za mraba 200, ambacho kwa nyumba nyingi mpya za mjini ni cha kawaida, kitadai lita 1,000 kila siku, na kuanzia Mei hadi Oktoba kitakuwa kimemeza zaidi ya lita 180,000. Andika hesabu hiyo mbele ya mwenye nyumba, izidishe kwa bei ya maji anayolipa, kisha nyamaza. Sisemi ukoka usipandwe kabisa. Kipande kidogo mahali watoto wanapochezea au wageni wanapokaa kina faida yake. Ninachopinga ni ukoka uliowekwa kwa sababu tu mbunifu hakuwa na wazo lingine la kujaza nafasi.

Watu wakishasikia hesabu hiyo hukimbilia tangi, na hapo pia mnapaswa kukaa chini na kupiga mahesabu. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 900 na ukiondoa asilimia 20 inayopotea, hukusanya lita 72,000 kwa msimu. Tangi la lita 5,000 lingeweza kujazwa na paa hilo mara kumi na nne, lakini mvua huja yote katika miezi ileile, hivyo tangi likishajaa maji mengi yanayobaki hufurika na kwenda mtaroni. Kwa bustani, ghala kubwa liko chini ya miguu yenu: udongo tifutifu wenye mchanga, ukiwa na kina cha mita moja, hushika takriban lita 100 za maji yanayoweza kufikiwa na mizizi katika kila mita ya mraba. Kazi ya kwanza ya mbunifu, kabla ya kutaja jina la mmea wowote, ni kuhakikisha kwamba maji ya paa na ya uwanja yanapunguzwa mwendo na kuzama. Fuateni mteremko wakati mvua inanyesha, mkiwa na koti na vigingi, muone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi; chimbeni makinga maji yanayofuata kontua, yaani mistari ya ardhi yenye mwinuko sawa; shusheni vitanda vya maua viwe chini kidogo ya njia badala ya kuviinua kwa matofali kama ilivyozoeleka. Kitanda kilichoinuliwa kinapendeza kwenye picha, lakini katika kiangazi chetu hukauka kabla ya kila kitu kingine.

Udongo wenyewe haufanani. Sehemu za juu ni mchanga, ule ambao wenyeji wengi huuita luseni, mwepesi kulimika na mwepesi kupoteza maji. Sehemu za chini ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka nyufa kiangazi, ambao huweza kung'oa hata pevingi iliyowekwa kwa haraka. Kuna pia viwanja vyenye tabaka gumu chini ya mchanga, ambapo maji husimama Februari na mizizi haiwezi kupenya, na mmea huohuo uliozama masika hufa kiu miezi sita baadaye. Chimbeni shimo la sentimita 60, litazameni pande zake, lijazeni maji na kupima yanachukua muda gani kuzama. Jaribio hilo halina gharama, na nimeona miradi mikubwa ya taasisi ikianza bila hilo, miche mamia ikanunuliwa, na nusu yake ikapandwa juu ya mwamba.

Baada ya maji na udongo ndipo tunafika kwenye mimea, na hapa Tabora ina utajiri ambao vitalu vya barabarani haviuonyeshi. Nendeni kwenye misitu ya miombo mwezi wa tisa na wa kumi, joto likiwa kali na mvua bado, mtaona mitundu na miyombo ikitoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba kabla tone la kwanza halijaanguka, kwa kutumia akiba iliyo mizizini na maji ya chini. Hakuna mmea wa kitalu utakaompa mteja wenu rangi hiyo, katika mwezi huo, bila mpira wa maji. Nendeni na mfugaji nyuki, kwa sababu hakuna anayejua kuliko yeye ni mti gani unachanua lini. Tabora haikupewa chuo cha ufugaji nyuki bure. Muulizeni mama anayeuza matonga na furu sokoni anakoyatoa. Mtonga, mbula, mfuru na mkwaju ni miti ya kivuli na matunda inayofaa kabisa uwanja wa nyumba, na mtoto aliyekulia mjini atakumbuka ladha yake.

Hata hivyo, miti hii ina tabia zake, na usipozijua utamvunja moyo mteja. Mninga ni mfano mzuri. Mche wake hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukizidi kunenepa chini, mpaka siku ambapo una nguvu ya kutoa shina linalodumu. Mwenye nyumba asiyeambiwa haya ataung'oa mwaka wa kwanza akiamini umekufa, na atawaambia majirani kwamba mbunifu alimuuzia kijiti. Mwambieni tangu mwanzo, wekeni kigingi na kibao, na pandeni kando yake kichaka kinachokua haraka ili pasionekane patupu. Mitundu na miyombo nayo huishi kwa kushirikiana na kuvu walio mizizini, wale ambao baadhi yao hutupatia uyoga wa masika, kwa hiyo unapootesha mbegu zake changanya kitaluni udongo kidogo uliotoka chini ya mti mama. Na mbegu au miche ya msitu wa hifadhi haichukuliwi kiholela. Ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ipo, ombeni kibali.

Kwa viwanja vikubwa, kama vya shule, parokia au zahanati, kabla ya kununua mche wowote angalieni visiki. Miti ya miombo huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi iliyobaki ardhini, na ukizuia moto na ng'ombe kwa misimu michache, ukachagua machipukizi mazuri na kupogoa mengine, unapata kichaka chenye miti ambayo mizizi yake tayari iko chini. Wasukuma na Wanyamwezi walilijua jambo hili zamani kwa jina la ngitili, eneo linalofungwa wakati wa masika ili lifunguliwe kwa mifugo kiangazi, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliutumia utaratibu huo kurudisha miti katika maeneo makubwa yaliyokuwa yamebaki uchi. Mbunifu wa bustani anayeuweka kwenye mchoro wake wa taasisi humwokolea mteja fedha nyingi, ingawa, tukubali, hupunguza fungu la miche kwenye makadirio.

Msije mkaondoka na dhana kwamba kila cha kigeni ni kibaya. Miembe ya Tabora, ambayo mji unajulikana kwayo na ambayo historia yake imefungamana na njia za misafara ya karne ya 19, asili yake ni Asia. Leo ndiyo inayotupa kivuli barabarani, na hakuna anayeimwagilia. Vigezo vyangu ni viwili tu: je, mmea unahitaji mpira wa maji Septemba, na je, unajitawanya wenyewe kuingia porini? Lantana inafeli kigezo cha pili vibaya sana, hata kama maua yake yanavutia, na siiweki kwenye mchoro wowote. Huko Brazil, Roberto Burle Marx, aliyezaliwa mwaka 1909 na baadaye akawa mbunifu wa bustani anayejulikana duniani kote, alianza kuvutiwa na mimea ya nchi yake mwenyewe alipoiona katika bustani ya mimea ya Dahlem, Berlin, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa sababu nyumbani watu walipendelea waridi na misonobari ya Ulaya. Nanyi hamna haja ya nauli ya ndege. Daladala ya kutoka mjini inatosha.

Katika kupanga mimea, fuateni kanuni iliyoenezwa na mamlaka ya maji ya mji wa Denver, Marekani, kuanzia mwaka 1981: mimea yenye kiu sawa ikae pamoja. Yenye kiu kubwa iwe michache na iwe karibu na nyumba, palipo na maji ya kuogea na kufulia. Migomba nyuma ya bafu la nje ni mbinu ambayo bibi zetu waliitumia bila mchoro, nayo ni sahihi, mradi maji yasiwe na dawa kali ya kung'arishia nguo.

Jambo litakalowapa mabishano kuliko yote ni matandazo. Vitabu vyote vya bustani endelevu vinasema ardhi ifunikwe kwa majani makavu, nami nakubaliana navyo. Lakini kwetu uwanja safi ni uwanja uliofagiwa mpaka ukaacha mistari ya ufagio, na majani yaliyokusanywa huchomwa moto kila asubuhi. Msidharau desturi hiyo. Uwanja ulio wazi humwonyesha mtu nyoka kabla hajamkanyaga, na hiyo ni sababu nzito kwa mama mwenye watoto wadogo. Suluhisho ninalolitumia ni kugawa: mita nne au tano kuzunguka nyumba hubaki wazi, changarawe au udongo wa kufagiwa, kisha matandazo huanzia kwenye vitanda vya mbali vilivyowekewa ukingo unaoonekana, ili mtunza bustani ajue ufagio unaishia wapi. Majani yaliyofagiwa yaende kwenye shimo la mboji badala ya motoni. Mchwa nao watakuja, na Tabora ni kwao. Acheni nafasi ya kiganja kimoja kati ya matandazo na shina la mti mchanga, na msifunike mche uliodhoofika, kwa sababu mchwa huanza na kile kinachokaribia kufa. Mtunza bustani asipoelezwa haya yote akiwa amesimama kwenye kitanda chenyewe, mchoro wenu utafagiwa na kuchomwa ndani ya wiki ya kwanza, kwa hiyo tengeni siku ya kumfundisha na iingizeni kwenye malipo.

Kuhusu malipo, tozeni ada ya ubunifu peke yake na miche peke yake. Anayetoa mchoro bure ili afidie kwenye bei ya miche atajikuta anapanda miche mingi kuliko inavyohitajika, na mingi ya aina anayoiotesha mwenyewe. Wateja wengi watashangaa kwamba karatasi inalipiwa. Waonyesheni bustani iliyopandwa misimu miwili iliyopita, na iwe wakati wa kiangazi. Kazi ya ardhi, yaani makinga maji na mashimo, ifanyike Septemba na Oktoba, na miche iingie ardhini baada ya mvua ya Novemba kushika, wala si baada ya ile ya kwanza inayodanganya. Atakayewataka mpande Julai kwa sababu ya harusi mwambieni bei ya kumwagilia mpaka Novemba, au mumkodishie mimea ya kwenye vyungu kwa siku hiyo. Dhamana ya miche nayo isitolewe kwa miezi mitatu kama ilivyo kwa wengi, kwa kuwa miezi mitatu ya masika haipimi chochote. Itoeni mpaka mvua za mwaka unaofuata zianze, na gharama ya kubadilisha itakayokufa muiweke kwenye makadirio tangu mwanzo.