Kabla hujanunua nyumba, panda darini

Nyumba yetu ya Magomeni, hapa Mtwara mjini, tuliinunua mwezi wa tisa, na kosa lilianzia hapo. Mwezi wa tisa huku ni kukavu, hata bati lenye matundu linaonekana zima. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi wiki ileile, nami badala ya kujiuliza kwa nini, nikaifurahia harufu. Dalali naye ananikimbiza: "Dada yangu, minada ya korosho ikishaanza, nyumba hii huioni tena." Hakudanganya sana. Pesa ya korosho ikiingia mjini, wauzaji nao hupandisha bei. Tukalipa.

Mvua zikaja Desemba. Asubuhi moja nikakuta kwenye silingi ya chumba cha watoto duara la rangi ya chai. Fundi alipopanda juu, alikuta misumari ya bati imeliwa na kutu, na mbao mbili za kenchi ukizibonyeza kwa kidole zinaingia ndani. Mchwa hao hawakuanza kula siku tuliyohamia.

Kwa hiyo mdogo wangu alipopata nyumba Chuno, nilimwambia asitoe hata senti ya kishika uchumba kabla hatujaikagua. Akanijibu kwamba benki imeshatuma mthamini. Wengi wanachanganya hapa. Mthamini anakadiria thamani ya nyumba ili benki ijue itapata nini mkopo ukikwama. Kazi yake si kukwambia kama choo kitafurika.

Tulimtafuta fundi mzee wa Mikindani, mtu asiyemjua dalali wala muuzaji. Nilimlipa kutwa yake kabla hajaiona nyumba, nikamwambia mapema kwamba matengenezo, kama yatakuwepo, atapewa mtu mwingine. Fundi anayetegemea kupewa kazi ataona ubovu hata pasipo na ubovu, na wa dalali hataona kitu.

Alikuja na ngazi, tochi, bisibisi na testa. Sebuleni hata hakusimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa silingi, akapanda, akazima tochi. Nikadhani imeharibika. Kumbe alikuwa anatafuta vitundu: juu ya dari kukiwa giza, kila tundu la bati linaonekana kama nyota. Kisha akawasha na kuanza kuchoma mbao kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, hasa pale zinapokaa juu ya ukuta, maana mchwa hupandia hapo. Alipapasa na bati. Kwetu upepo wa bahari unakula bati upesi, na geji 32 ni nyembamba kuliko 28, ingawa namba yake ni kubwa. Wanunuzi wengi hudhani kinyume.

Aliposhuka alikwangua ukuta wa nyuma kwa msumari, akaweka unga wake ulimini. Mdogo wangu alicheka. Mzee hakucheka. "Mchanga wa pwani huu, mama. Haukuoshwa."

Chumvi ikiwa ndani ya ukuta huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo plasta inamomonyoka hata mahali ambapo hakuna bomba wala mvua, na ukipaka rangi mpya itabanduka tena. Hilo linavumilika. Linalotisha ni chumvi kufika kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, na zege linapasuka kwa kuifuata, ndiyo maana ule ufa uliolala chini ya linta, ile zege inayopita juu ya milango na madirisha, wenye michirizi ya kahawia alitufanya tuutazame mara mbili. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta alizipita tu. Ufa unaotoka kona ya dirisha na kushuka mshazari hadi msingini ndio wa kuuliza, zaidi kama mlango ulio karibu nao unakwama.

Maji tuliyapima hivi: tulifunga bomba zote, tukaenda kutazama mita ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Mtwara. Ikizunguka na hakuna anayetumia, kuna bomba linalovuja chini. Kisha ndoo kumi za maji chooni, moja baada ya nyingine, huku mtu amesimama kwenye karo la maji taka kusikiliza. Muuzaji alinuna kidogo. Vigae tulivigonga kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu hakikushika.

Kwa umeme, mwombe mwenye nyumba umnunulie LUKU ya elfu chache. Kama mita ina deni, litakatwa hapohapo, na utaliona kwenye risiti. Usishtuke ukiona na kodi ya jengo, hiyo hukatwa kwa LUKU tangu 2021, na nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi.

Halafu nilimfuata mama jirani aliyekuwa anachambua mboga barazani, nikamuuliza mvua ikinyesha maji hupita wapi. Akanionyesha kwa kisu, bila kuinua kichwa: "Hapo mlangoni mwao." Hilo mzee wangu asingelijua hata kwa tochi kumi.

Hati ni habari ndefu. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati, hakikisha mume au mke wa muuzaji ameridhia kwa maandishi, na ukipenda nyumba za ufukweni Shangani, kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka baharini. Ukuta mzuri ndani ya mita hizo ni ukuta wa wasiwasi.

Tuliandika kila kitu kwenye daftari, tukapiga picha, tukarudi kwa muuzaji. Alipunguza milioni mbili, akakubali tubaki na nyingine moja hadi mtaro wa mlangoni uchimbwe. Yote yakaandikwa kwenye mkataba, maana ahadi ya mdomo ilishaniponza Magomeni.

Tulipokuwa tunamrudisha mzee Mikindani, mdogo wangu alimuuliza: "Sasa babu, ninunue?" Mzee akasema yeye ameulizwa habari za nyumba, si za mfuko wa mtu, kisha akaomba tumshushe sokoni anunue samaki.