Jina Langu Lilihudhuria

Mhariri, wiki hii mmeuliza masharti ya korona yalimpotezea nini hasa mwanafunzi wa chuo kikuu. Najua wengi watataja bando na mtandao mbovu. Mimi nasema tulipoteza mtu wa kutambua kwamba hatupo.

Nilikuwa mwaka wa pili hapa Nairobi, nikisomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru masomo yasitishwe, vyuo vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20 kufunga. Wenye nauli walienda kwao. Mimi nilibeba godoro nikaenda kwa shangazi, mtaa wa Kayole, chumba kimoja, watu watano, nikidhani ni mambo ya wiki mbili tatu. Aprili 6 jiji likafungwa, hutoki huingii, na marufuku hiyo ikadumu hadi Julai.

Mihadhara ikahamia kwenye simu, na kuhudhuria kukawa ni kubonyeza kiungo jina lako litokee, basi. Nimehudhuria nadharia ya fasihi nikiwa kwenye foleni ya maji, mtungi mkononi. Nimehudhuria isimu nikiwa usingizini. Muhula ulipokwisha, rekodi zilionyesha sikukosa hata kipindi kimoja, na sijawahi kujifunza kidogo namna ile. Darasani ukipotea juma zima, wa kiti cha pili atakuuliza ulikuwa wapi. Kwenye orodha ya majina mia mbili, akuulize nani?

Siku moja nilisahau kuzima maikrofoni. Mhadhiri akauliza, kama kawaida yake, “Mnanisikia?” Nasi, kama kawaida yetu, kimya. Shangazi alikuwa anasukuma chapati, akamwonea huruma. “Tunakusikia, mwalimu! Hawa watoto hawana adabu, wewe endelea tu.” Mhadhiri alicheka hadi akakohoa (na kukohoa siku zile hakukuwa jambo la mzaha). Watu wakaanza kuandika vichekesho, kisha maswali, kisha wakabishana. Kilikuwa kipindi cha ngeli, na ndicho pekee cha muhula ule ninachoweza kukisimulia mpaka leo.

Sisemi mtandao ulikuwa hasara tupu. Tulikuwa na komredi mwenye kigugumizi ambaye ukumbini hakuwahi kufungua kinywa. Kwenye ujumbe wa maandishi aliuliza kutushinda sote. Tuliporudi chuoni alinyamaza tena, na sikumbuki yeyote kati yetu, mimi nikiwemo, aliyemuuliza kulikoni.

Tulirudi Januari 2021, nami nikadhani sasa mambo ni shwari. Wapi! Viti vilichorwa alama ya X, unakalia kimoja unaruka kimoja. Mesi ikawa chukua chakula uende zako. Barakoa sikuilalamikia hata kidogo, maana ugonjwa ulikuwa unaua. Kilichonikata maini ni kafyu ya saa nne usiku. Sisi tuliopanga vyumba nje ya chuo tulilazimika kuwahi matatu mapema, na makundi ya majadiliano, ambayo kwangu ndiyo yalikuwa chuo chenyewe, yakafa. Mhadhara unaweza kuusoma kwenye daftari la mwenzako. Ubishi wa saa tatu usiku, mtu akikwambia hujaelewa kitu na kukuchorea upya, utausoma wapi? Hata hayo machache hayakudumu, kwani Machi 26 Nairobi na kaunti nyingine nne zilifungwa tena, kafyu ikasogezwa hadi saa mbili, tukarudi kwenye simu.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Juma hilo kundi letu lilikaa kwenye nyasi nje ya maktaba hadi umande ukaanza kutulowesha. Kando yangu alikaa msichana ambaye jina lake nilikuwa nimelisoma kwenye skrini mihula kadhaa, lakini uso wake sikuwahi kuuona bila barakoa. Nilipojitambulisha, aliweka kalamu chini akanitazama.

“Kumbe ni wewe mwenye shangazi?”