Kupandisha toleo jipya la programu kila siku: faida ni ipi, na gharama anabeba nani?

Wateja wangu wengi wa programu na tovuti hapa Arusha ni kampuni za utalii, na wachache ni vyama vya msingi vya ushirika wa kahawa upande wa Moshi. Ndio walionifundisha kwamba swali la kuwapelekea watumiaji mabadiliko ya programu kila siku au kusubiri halina jibu moja, hata ndani ya ofisi moja.

Kuna mambo mawili ambayo vijana wengi huyachanganya. La kwanza ni programu kuwa tayari kutoka saa yoyote: kila badiliko linajengwa na kujaribiwa na mashine, kisha mtu anaamua litoke lini. La pili ni kuiachia mashine iamue yenyewe. Majaribio yakipita tu, watumiaji wanalipata. La kwanza namshauri karibu kila mtu. La pili lina masharti.

Watu husifia kasi. Mimi nasifia udogo wa badiliko. Bei ya mtoto kwenye hifadhi za taifa huishia miaka 15. Mtu akiandika "chini ya 15" badala ya "15 au chini", familia yenye kijana wa umri huo inatozwa bei ya mtu mzima, na wakala wa Ujerumani anapiga simu ankara ikiwa imeshatumwa. Kama asubuhi hiyo limepanda badiliko hilo peke yake, utaliona mapema. Kama yamepanda ya miezi miwili kwa mkupuo, mtakesha, kila mmoja akiapa kwamba si lake.

Halafu kuna umeme. Ukiwa unanakili mafaili kwa mkono kutoka laptopu kwenda kwenye seva (kompyuta inayoendesha tovuti) na umeme ukakatika katikati, tovuti inabaki nusu mpya nusu ya zamani. Kazi hiyo ikifanywa na seva ya mbali, wewe unabaki gizani lakini toleo linafika zima. Na mkono wa mtu hukosea hata kwa wenye jenereta. Tarehe 1 Agosti 2012 Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, ilikuwa na msimbo mpya (maagizo yanayoendesha programu) kwenye seva 7 kati ya 8. Ile moja iliyosahauliwa ikaanza kuendesha msimbo wa zamani, na ndani ya dakika 45 hivi zikapotea zaidi ya dola milioni 400.

Sasa gharama. Akaunti ya bure ya GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi na kujaribu msimbo, inakupa dakika 2,000 za mashine kwa mwezi kwa miradi ya faragha. Majaribio yakichukua dakika 8 na timu ikituma kazi mara 15 kwa siku, zinakwisha siku ya 17. Hiyo ni hela ndogo. Kubwa ni muda wa kuyaandika majaribio yenyewe, maana mteja wa kwetu hulipia anachokiona kwenye skrini. Ukiyaandika kwenye ankara kwa mstari wake, ndio mstari atakaoufyeka kwanza. Yaingize kwenye bei ya kila kazi, kama fundi anavyoweka nondo ndani ya nguzo bila kuomba kibali.

Ila gharama ninayoiogopa zaidi hailipwi na sisi. Niliwahi kuwa kwenye ghala la chama kimoja Kibosho wakati wa mavuno, karani anapima kahawa ya maganda, foleni imefika barabarani. Programu aliyokuwa akitumia, ya kampuni nyingine, ilikuwa imejisasisha usiku, na kitufe cha "Hifadhi" kimehamishiwa juu. Kilifanya kazi bila kasoro. Lakini kidole cha karani kilishazoea chini, na pale chini sasa palikaa "Futa". Alipopoteza uzito wa mkulima kwa mara nyingine, mama mmoja akamwambia, "Mwanangu, andika tu kwenye daftari, jua linazama." Akaandika kwenye daftari. Hakuna jaribio la mashine ambalo lingeona tatizo pale.

Tena simu nyingi kule zimewekwa zisijisasishe mpaka zipate Wi-Fi, kwa sababu ya bando. Ukitoa toleo kila siku, utakuwa na matoleo kibao yanayoishi kwa wakati mmoja, na seva yako lazima ielewane na yote. Kwa hiyo seva tunaibadilisha tunapotaka, programu ya simu tunaitoa mara chache, na mavuno yakianza hatusogezi kitufe chochote. Google Play inaruhusu kuanza na asilimia ndogo ya watumiaji, tumia nafasi hiyo. Tarehe 19 Julai 2024, kikaguzi cha mashine cha CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, kilipitisha faili lenye kasoro, likaenda kwa wateja kwa pamoja, na Microsoft ikakadiria kompyuta milioni 8.5 ziliathirika.

Mabosi wa utalii hupenda kufungia mabadiliko yote Juni hadi Oktoba, msimu wa wageni wengi. Mimi hukataa. Funga makubwa, hasa yanayogusa malipo au kufuta safu kwenye hifadhidata, maana data iliyofutwa hairudi kwa kurudisha toleo la nyuma. Madogo yaendelee, la sivyo ikifika Novemba mabadiliko yote yanapanda siku moja.

Na kama kazi yako ni tovuti ya loji yenye kurasa nne na fomu ya mawasiliano, achana na mitambo yote hii. Weka Git, yaani kitunza kumbukumbu cha kila badiliko la msimbo, na nakala ya akiba, ulale. Siku mwenye loji akitaka wageni walipie humo humo, hapo ndipo uanze kuandika majaribio, ukianzia na hesabu ya bei.