Mke kaondoka, usingizi umeniruka, na hasira zimenishinda

*Assalaam alaykum, Shangazi. Mimi ni seremala, niko Wete, nina miaka 36. Tangu baba afariki sina raha. Nashtuka saa nane za usiku, silali tena. Chakula hakipiti, barazani siendi, milango ya watu imelala karakana haijamalizwa. Kitu kidogo tu nishapanda hasira. Mwezi uliopita nilimsukuma mke wangu akaumia mkono, akarudi kwao Micheweni na mtoto. Kabla hawajaondoka, mwanangu akisikia baskeli yangu alikuwa anakimbilia uvunguni. Mama kanitafutia kombe, maji yaliyooshewa aya za Qur'ani, nimekunywa. Rafiki yangu ananambia niende hospitali, lakini watu watasema mimi mwendawazimu, wa Kidongo Chekundu. Kuna usiku naona bora nisiamke. Nifanyeje?*

Waalaykum salaam mwanangu, na pole kwa msiba.

Naanza na hilo la kuona bora usiamke, maana ndilo lililonitia hofu. Hilo halisubiri wiki ijayo. Leo hii mwambie huyo rafiki yako maneno hayo hayo uliyoniandikia. Alale kwako, asubuhi mwende pamoja Hospitali ya Wete. Fikra hizo zikikuzidi usiku, nendeni usiku huo huo.

Hayo mengine uliyoyataja, yakimshika mtu karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, daktari hufikiria sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito. Na kwa wanaume wengi sonona haitokei kwa machozi, hutokea kwa ukali. Tangu wadogo tumewaambia mwanamme halii, basi msiba unabaki kifuani mpaka unawaangukia mke na mtoto. Sijui tuliyatoa wapi hayo, na Mtume (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele za watu.

Kombe sikukatazi. Kisomo kinatuliza moyo, na mama yako amefanya kwa mapenzi. Lakini kisomo na daktari havigombani. Mtume mwenyewe katuamrisha tujitibu.

Ama Kidongo Chekundu, ile ni hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, na inaniuma tulivyolifanya jina lake tusi la kutupiana barazani. Watu wanatibiwa pale wakarudi kwenye kazi zao na watoto wao. Na wewe uko Pemba, utaanzia hapo hapo Wete, hutovuka bahari kwa hatua ya kwanza.

Ukifika kwa daktari usiseme kichwa kinauma. Wanaume wengi huishia hapo, wakapewa vidonge vya maumivu wakarudi nyumbani na mzigo wao. Sema: silali, hamu ya kazi imeniondoka, hasira zimenishinda, nimemuumiza mke wangu, nawaza kufa. Ukiona haya kuyatamka, mpe barua uliyoniandikia aisome. Huenda ukapangiwa kuzungumza na mtaalamu mara kwa mara, huenda ukapewa dawa, au vyote viwili. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, na wengi huzitupa mapema wakidhani hazifai kitu. Usiziache bila ya kumwambia daktari, hata ukijihisi mzima.

Sasa la mkeo, na hapa sitokubembeleza. Maradhi yanaeleza ulivyofika hapo, hayahalalishi mkono wake kuumia. Usitume wazee kwenda kumrejesha, wala usimpigie simu kumlaumu. Mwache akae kwao mpaka yeye mwenyewe aone kuna usalama. Pesa za matumizi zifike bila ya kukumbushwa. Mtake radhi kwa kulitaja ulilolifanya, usichanganye na habari za marehemu baba wala za kazi, kisha mwambie umeanza matibabu.

Na mtoto pia mtake radhi. Ni mdogo, lakini aliyekimbilia uvunguni anajua alikuwa anamkimbia nani. Akikuuliza lini watarudi, mwambie hilo ataamua mama yake.